Honi au boksi: spika ipi ukaichukue kwa kazi za huku Mtwara na Lindi

Malipo ya korosho yakianza kuingia, mwishoni mwa Oktoba hivi, meza yangu ya ufundi hapa Mtwara mjini hupata wageni wenye swali moja. Kamati za misikiti na makanisa zimeshachanga, vijana wanataka kuanza kukodisha mziki, kijiji kimepata fungu la vipaza sauti. Wote wanauliza: "Fundi, nichukue honi au nichukue boksi?"

Msimu uliopita walinijia wawili ndani ya wiki moja. Wa kwanza ni mzee wa kamati ya msikiti, kutoka kijiji kimoja cha Tandahimba. Wa pili ni kijana wa Mikindani anayepiga mziki kwenye unyago na harusi. Fedha zao zilikuwa zinakaribiana. Mzee alitaka maboksi mawili makubwa, maana aliyaona harusini yakitikisa turubai, akaona hiyo ndiyo nguvu. Kijana alitaka honi nne, maana aliwahi kusikia adhana ya kijiji cha pili akiwa shambani, akasema spika inayofika mbali namna ile ndiyo ya kukusanyia watu. Wangenunua walivyokuja wakitaka, fedha ya wote wawili ingekwenda na maji.

Nawaandikia wengine walio kama wao. Nataka uelewe spika inavyofanya kazi kabla hujatoa shilingi, kwa sababu tofauti ya honi na boksi haionekani dukani. Dukani zote zinapiga kelele.

Ndani ni kitu kimoja

Honi iliyo juu ya mnara na boksi lililo ukumbini zina moyo mmoja. Chukua spika ya koni, yaani yenye ule uso wa karatasi unaotikisika, iliyo nje ya boksi, na betri moja ya tochi, ya volti 1.5. Gusisha waya mbili kwenye vichwa vya spika. Utasikia "tup", koni itasogea mbele kidogo, milimita moja au pungufu, na itabaki hapo mpaka utoe betri. Geuza waya, gusisha tena: safari hii koni inazama ndani.

Nyuma ya koni pamegundishwa koili, yaani waya mwembamba wa shaba uliosukwa kwenye kibomba cha karatasi ngumu au cha alumini. Koili hiyo inaelea ndani ya mwanya mwembamba wa duara, kati ya vyuma viwili vinavyobeba nguvu ya sumaku. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted wa Denmark aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya unaopitisha umeme. Waya wenye umeme, kumbe, nao ni sumaku. Basi umeme ukipita kwenye koili, sumaku mbili zinakutana ndani ya ule mwanya, moja ya kudumu na moja ya muda, na koili inasukumwa mbele au nyuma kufuatana na upande umeme unakotokea. Betri inatoa umeme wa upande mmoja, ndiyo maana koni inatulia pale ilipofika. Amplifaya inatoa umeme unaogeukageuka: besi inaugeuza mara 60 au 80 kwa sekunde, herufi "s" ya maikini inaugeuza mara 5,000 na zaidi. Koili inafuata kila mgeuko, koni inafuata koili, hewa inafuata koni.

Ukubwa wa msukumo unatokana na vitu vitatu vikizidishana: ukali wa sumaku ndani ya mwanya, wingi wa umeme, na urefu wa waya uliomo mwanyani. Waya ulio nje ya mwanya hausukumi kitu, unachemka tu. Kimoja kati ya hivyo vitatu kikiwa hafifu, vingine lazima vifidie, na mara nyingi kinachofidia ni umeme. Umeme ukizidi, koili inaungua. Lishike hilo, maana ndilo litakalokuongoza mpaka mwisho wa safari hii.

Ubishi wa honi na boksi si wa leo. Mwaka 1915 huko California, Peter Jensen na Edwin Pridham waliitumia koili ya aina hii kutangazia umati wa watu, na waliifunga kwenye honi, kwa kuwa amplifaya za wakati ule zilikuwa dhaifu na honi haipotezi nguvu kama koni. Miaka kumi baadaye, 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric walieleza spika ya koni ya karatasi inayosukuma hewa moja kwa moja. Boksi unaloliona harusini leo ni mjukuu wa ile ya 1925. Honi ya mnarani ni mjukuu wa ile ya 1915.

Kafi na kijiti

Mtu wa pwani ataelewa haraka. Ukivuta maji kwa kijiti, mkono unakwenda mbio lakini mtumbwi haukwendi. Maji yanapita pembeni. Ukivuta kwa kafi, bapa linayashika maji, mkono unakuwa mzito, na mtumbwi unaondoka. Spika ya koni iliyo wazi inafanana na kijiti. Hewa ni nyepesi mno kwake, inateleza. Katika wati 100 unazoipa, moja hadi tano ndizo zinazotoka kama sauti. Nyingine zote ni joto kwenye koili.

Honi ndiyo kafi. Ndani ya yuniti yake, yaani kile kichwa cha nyuma chenye sumaku na koili, kuna diaframu ndogo, kofia yenye upana wa kizibo cha chupa ya maji au zaidi kidogo. Mbele yake pana koo jembamba. Diaframu inaisukuma hewa ya kooni kwa shinikizo kubwa, kisha honi inapanuka taratibu mpaka mdomoni, na ile nguvu inakabidhiwa hewa ya nje bila kuteleza. Hapo wati 10 hadi 30 katika kila 100 zinaweza kugeuka sauti.

Kwenye karatasi za kiwandani tofauti hii huandikwa kwa desibeli, kipimo cha ukali wa sauti, zinazopatikana kwa wati moja, umbali wa mita moja. Spika ya sebuleni huwa kama 88, boksi zuri la mziki kama 97, honi kama 107. Zinaonekana namba za jirani, lakini desibeli 10 ni mara kumi ya umeme. Honi hiyo ikipewa wati 10 italia sawa na boksi lile likipewa 100. Kijijini mnakotegemea sola na betri ya gari, wati 100 kutoka volti 12 ni zaidi ya ampia 8, kabla hujahesabu kinachopotea kwenye amplifaya yenyewe. Wati 10 hazifiki ampia moja. Betri ile ile inayomaliza khutba moja kwa boksi inaweza kubeba adhana za siku kadhaa kwa honi.

Sasa umbali. Kila unapoongeza umbali mara mbili, sauti inapungua desibeli 6. Honi ya 107 ukiipa wati 30, kwa hesabu ya eneo wazi, mtu aliye mita 250 bado anapata kama desibeli 74. Boksi la 97 kwa wati zile zile linampa 64, sawasawa na mtu anayeongea naye kawaida, na hapo sijaweka upepo wala mashine ya kusaga. Upepo nao una nguvu. Kusi kikivuma, walio upande kinakokwenda watasikia vizuri, na walio upande kinakotoka sauti itawapanda juu ya vichwa. Kaskazi kinageuza mambo. Elekeza honi ukijua watu wengi wako upande gani wa kusi.

Honi inapogota

Hapa ndipo nilipomzuia kijana wa Mikindani.

Sauti ni mawimbi, na mawimbi yana urefu. Hewa yetu ya pwani inapitisha sauti kama mita 345 kwa sekunde. Besi ya mara 100 kwa sekunde, basi, ina wimbi la mita tatu na nusu hivi. Ili honi ilishike wimbi kama hilo, mzunguko wa mdomo wake unatakiwa ukaribie urefu wa wimbi lenyewe: mita tatu na nusu kuuzunguka, yaani mdomo wenye upana wa mita 1.1, na shingo ndefu ya kulingana nao. Honi ya msikitini ina upana wa sentimita 40 hivi. Mzunguko wake ni mita 1.25, na wimbi la urefu huo ni la mara 275 kwa sekunde. Chini ya hapo kafi linageuka kijiti tena. Diaframu inacheza ovyo bila kushika hewa, na ukiilazimisha inapasuka au koili inakatika.

Ngoma za unyago ziko chini ya hapo. Besi ya singeli, gitaa zito la dansi, sauti nene ya kwaya, zote zina mizizi chini ya hapo. Kijana angefunga honi zake nne akapata mlio wa bati na filimbi, na mama mwenye sherehe angemdai fedha yake.

Kwa mtu anayeongea ni kinyume. Sauti ya mwanaume inaanzia mara 100 au 120, lakini kinachotufanya tuelewe neno ni konsonanti, na hizo zimejaa kati ya 1,000 na 4,000. Simu za mezani zilipitisha 300 hadi 3,400 tu na watu walielewana miaka yote. Bei za korosho zinaposomwa mbele ya wakulima, tofauti ya "mia tatu" na "mia tano" ni konsonanti moja na irabu ya mwisho. Honi inaipeleka hiyo konsonanti mpaka kwa aliyekaa chini ya mkorosho wa mwisho. Boksi kubwa lililopandishwa besi linaizika. Anayesimama mbali anasikia ngurumo ya mtu anayeongea, haambulii anasema nini.

Boksi lina kazi yake

Boksi si pambo la kuficha spika. Koni inaposogea mbele inaibana hewa ya mbele na kuilegeza ya nyuma kwa wakati mmoja. Pasipo boksi, hewa iliyobanwa inazunguka pembeni na kujaza pale palipolegea, na besi inakufa papo hapo. Jaribu: sikiliza spika ya inchi 12 ikiwa wazi mezani, kisha ishike usawa wa tundu la ubao mpana. Utashtuka. Boksi linaifungia ile hewa ya nyuma, au linaitoa kwa tundu lililopimwa ili isaidie besi badala ya kuipinga. Kwa hiyo fundi seremala anayekukatia boksi "kama lile la fulani" bila vipimo vya spika uliyonayo anaweza kukuharibia spika nzuri. Mbao nyembamba nazo zinakula sauti. Ubao ukitetemeka, nguvu imepotelea kwenye ubao.

Kwa besi hakuna ujanja. Lazima usukume hewa nyingi, polepole, kwa koni pana, na ulipe kwa wati. Maboksi mengi ya mziki yana spika ya inchi 12 au 15 chini, na juu yake kihoni kidogo cha twita, yaani kispika cha sauti kali. Yaani aliyelibuni alikubali kwamba kila moja ina mahali pake, akaziweka zote mbili kwenye sanduku moja. Kwa ukumbi, kwa uwanja wa shule, kwa watu mia mbili au mia tatu chini ya turubai, hiyo ndiyo spika. Usitarajie ivuke mto.

Waya mrefu

Sijaona kitu kinachomeza fedha ya vijiji kama waya. Amplifaya iko ofisini, honi iko kwenye mti mita 100 kutoka hapo, na mtu kavuta waya mwembamba wa taa.

Fanya hesabu nami. Waya wa shaba wa milimita 0.75 za mraba, mita 100 kwenda na 100 kurudi, una ukinzani wa karibu omu 4.7. Spika ni omu 8. Umeme unapita kwenye vyote viwili, kwa hiyo zaidi ya theluthi moja ya nguvu ya amplifaya inapasha moto waya. Umenunua wati 60, zaidi ya 20 hazikufika.

Honi za matangazo zimeshalipatia jambo hili dawa, na hii ni sababu kubwa ya kuzipenda kwa kijiji. Amplifaya zake zina vichwa vya volti 100, na kila honi ina transfoma ndogo nyuma yake. Ni ujanja ule ule wa nguzo za umeme: pandisha volti, punguza mkondo, shusha volti pale pale penye kazi. Honi ya wati 30 kwenye laini ya volti 100 inaonekana kama omu 333. Waya ule ule wa omu 4.7 sasa unakula wati moja na nusu tu katika kila 100. Na unaweza kuzifunga honi nyingi sambamba, mradi jumla ya wati zake isizidi wati za amplifaya. Jihadhari tu na mikono, volti 100 zinauma. Na usichanganye: spika ya omu 8 isiyo na transfoma ukiifunga kwenye kichwa cha volti 100, itaungua hujamaliza neno la kwanza.

Mzee wa Tandahimba alikuwa na wazo la kuweka honi moja msikitini na nyingine mwisho wa soko, mita 300 mbele. Nilimshauri asifanye.

"Shehe, aliye sokoni atasikia ya karibu kwanza, halafu karibu sekunde nzima baadaye imfikie ya msikitini."

"Atasikia mara mbili, si heri?"

"Hapana, shehe. La pili litamkuta la kwanza halijamtoka sikioni."

Aliyesimama katikati, mita 150 kila upande, angesikia safi. Wengine wote wangepata mwangwi. Tulizifunga zote mbili kwenye mlingoti mmoja, zikipeana mgongo, moja ikitazama soko.

Chumvi, mvua na dondola

Vitabu vya viwandani haviandikwi kwa ajili ya Shangani wala Kilwa Masoko. Hapa hewa yenyewe ina chumvi. Sumaku nyeusi zile nzito, za feraiti, hazishiki kutu, lakini vyuma vinavyozizunguka vinashika. Kutu ikichomoka hata punje moja ikaingia mwanyani, koili inaanza kukwaruza. Kabla hujanunua spika iliyotumika, weka vidole vya mikono miwili pande mbili za koni, ibonyeze taratibu na sawasawa, huku umeinamisha sikio. Ikiwa kimya, sawa. Ikisema "krr", rudisha.

Siku hizi kuna sumaku za neodimiamu, ndogo na kali sana, zilizoingia sokoni miaka ya 1980. Zinafanya boksi liwe jepesi, jambo zuri kwa anayepakia mziki kwenye bodaboda au bajaji. Ila zina kutu mbaya pindi rangi yake ya juu ikikwaruzika, na joto kubwa linazidhoofisha moja kwa moja. Kwa spika ya kukaa juani na baharini, naichagua feraiti.

Boksi lenye koni ya karatasi halifai kuachwa nje usiku wakati wa masika, hata chini ya bati. Karatasi inakunywa unyevu, gundi inalegea, koili inakaa upande. Honi imezaliwa kukaa nje. Iinamishe kidogo mdomo uangalie chini ili maji yasitulie, paka grisi kwenye boliti, na kila baada ya miezi mitatu minne panda ukamulike ndani kwa tochi. Nimeshashusha honi "mbovu" zaidi ya moja nikakuta dondola wamejenga udongo kooni. Yuniti ilikuwa nzima kabisa.

Namba zinazodanganya

Karatasi ya rangi iliyobandikwa mbele ikisema wati 5,000, geuza mtambo uangalie nyuma. Tafuta fyuzi. Umeme wetu wa nyumbani ni volti 230. Fyuzi ikiwa ya ampia 2, mtambo huo hauwezi kuchukua zaidi ya wati 460 kwa muda wowote wa maana, na hautatoa ambacho haujachukua. Zile 5,000 ni za mpigo mmoja wa kufumba na kufumbua, au ni za mchapaji. Wati za kuuliza ni zile za kudumu, zinazoandikwa kwa herufi RMS.

Kisha angalia moyo. Sumaku ikiwa imevikwa kofia ya mpira, ivue ukiruhusiwa. Nimekuta sumaku ndogo kama kikombe cha kahawa ndani ya kofia kubwa kama kikombe cha uji. Uliza upana wa koili. Koili ya inchi 3 ina nafasi zaidi ya kutoa joto kuliko ya inchi 1.5, na joto ndilo linaloua spika. Pima kwa testa: spika ya omu 8 iliyo nzima husoma karibu 6, ya omu 4 husoma karibu 3. Isiposoma kabisa, koili imekatika. Ikisoma moja au sifuri, imeungua na waya zimegusana.

Watu wengi wanaogopa amplifaya kubwa. Mimi naogopa zaidi ndogo inayolazimishwa. Miaka yangu ya mwanzo nilipiga harusi kwa amplifaya ya wati 100 kwenye maboksi mawili ya wati 300 kila moja, nikiamini niko salama. Saa nne usiku watu wakazidi, nikafungua voliumu yote. Amplifaya ikifika mwisho wake, vilele vya mawimbi vinakatwa bapa, na wimbi lililokatwa linabeba nguvu nyingi ya sauti kali zinazomwangukia twita. Koili nayo ikipata moto ukinzani wake unapanda, sauti inashuka, na wewe unaongeza tena. Kabla ya saa tano twita zote mbili zilikuwa kimya, na ukumbi unanuka vanishi iliyoungua. Bwana harusi alinilipa nusu, na alikuwa na haki. Nilipozifungua asubuhi, koili zilikuwa ndogo kama pete ya chanda, waya mwembamba kama unywele, nyeusi tii. Tangu siku ile nachukua amplifaya yenye wati sawa na za spika au zaidi kidogo, na sipandishi voliumu mpaka taa nyekundu ya amplifaya iwake.

Kuhusu matengenezo, honi inashinda bila ubishi. Diaframu mpya inakuja na koili yake, unafungua skrubu tatu au nne, unasafisha mwanya kwa utepe wa karatasi wenye gundi ili kutoa vumbi la chuma, unabadilisha, umemaliza kabla chai haijapoa. Ila chukua namba ya yuniti kabla ya kuagiza Kariakoo, kwa sababu zinafanana kwa macho na hazilingani. Koni ya inchi 15 ni kazi ya siku nzima: kukata, kusuka koili, kuiweka katikati kwa vipande vya karatasi, gundi, kusubiri ikauke.

Jirani naye yupo. Honi inapeleka sauti inakotazama, na ikitazama wodi ya wagonjwa au dirisha la mzee asiyelala, shida haitakuwa ya umeme. Kelele zinasimamiwa na sheria ya mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake, na mamlaka inayosimamia mazingira ina vipimo. Besi ya boksi haina upande. Inapita ukuta na kuzunguka nyumba; ukipiga mziki usiku, kinachofika kwa jirani ni besi tupu.

Nani achukue nini

Msikiti wa kijijini, ofisi ya kijiji, gari la matangazo, chama cha msingi cha wakulima: honi, na kwa waya unaozidi mita 30 chukua ya volti 100. Ndani ya msikiti usiweke honi. Kuta zinarudisha sauti na waumini wa safu ya kwanza wataumia. Weka spika ndogo za ukutani, nyingi na za chini chini. Kanisa lenye kwaya na kinanda lichukue maboksi, hata kama ni mawili tu ya inchi 12, na kama mnataka kuita watu kutoka mbali ongezeni honi moja nje yenye swichi yake. Anayekodisha mziki achukue maboksi ya inchi 15 bila kusita, na fedha ikibaki anunue amplifaya ya kutosha kabla hajafikiria sabufa. Shule ni ngumu kidogo. Kwa gwaride na matangazo honi inatosha, kwa mahafali kodisheni.

Mzee alirudi Tandahimba na honi mbili za wati 30 na amplifaya inayokubali volti 12. Kijana alichukua maboksi mawili ya inchi 15, na baada ya siku nne akarudi, uso umekunjamana.

"Shikamoo fundi. Besi hakuna kabisa. Likipiga boksi moja ipo, yakipiga mawili inapotea."

"Marahaba. Waya umefunga mwenyewe?"

Alikuwa amefunga mwenyewe. Nilitoa betri ya tochi kwenye droo. Boksi la kwanza: tup, koni mbele. Boksi la pili, waya zile zile, rangi zile zile: tup, koni ndani. Ndani ya boksi la pili waya mbili zilikuwa zimepishana, hivyo moja lilipokuwa linasukuma hewa lingine lilikuwa linaivuta. Niliyayeyusha maungio mawili, nikazibadilisha, nikarudisha skrubu. Akaweka wimbo kwenye simu yake na kupandisha kidogo. Mabati ya kibanda yakaanza kutetemeka, na testa yangu ikaanza kutembea yenyewe mezani.